Mtoto akishapokelewa ofisini, nani anaendelea naye?

Katika halmashauri moja niliyokwenda kufundisha maafisa ustawi wa jamii, niliomba nioneshwe daftari la mashauri ya watoto. Lilikuwa daftari kubwa, limepigwa mistari kwa rula na kujazwa kwa mwandiko safi: tarehe, jina la mtoto, kijiji, tatizo, hatua iliyochukuliwa. Nikaisoma ile safu ya mwisho kwenda chini. Amepewa rufaa. Amepewa rufaa. Amepewa ushauri. Amepewa rufaa polisi. Nikauliza, hawa waliopewa rufaa walifika huko walikopelekwa? Afisa akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyeulizwa swali analojiuliza mwenyewe usiku. "Mwalimu," akasema, "hapo ndipo mtoto anapotupotea."

Ukiwauliza watu huduma za ustawi wa mtoto ziboreshwe vipi, wengi watakujibu: kijengwe kituo. Kituo kikijengwa kinazinduliwa, kinapigwa picha. Safu ya mwisho ya daftari haina wa kuipiga picha, na mimi naamini matengenezo yaanzie pale.

Kwanza sheria, maana wapo wanaodhani kumsaidia mtoto ni hisani ya afisa au kazi ya mashirika. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inayotumika Tanzania Bara (Zanzibar wana yao ya 2011) imelitaja jambo hili kwa uwazi. Kifungu cha 94 kinaipa mamlaka ya serikali za mitaa wajibu wa kulinda na kuendeleza ustawi wa kila mtoto aliye katika eneo lake. Inatakiwa iwe na rejista ya watoto wanaoishi katika mazingira hatarishi, isuluhishe wazazi, itoe unasihi, na impatie mahali pa kukaa mtoto aliyepotea, aliyetelekezwa au anayekimbia hatari. Kifungu cha 95 kinamgeukia jirani: mwanajamii yeyote mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa ana wajibu wa kuitoa kwa mamlaka hiyo. Kwa hiyo mama mwenye kibanda cha chipsi anayesikia mtoto akipigwa kila usiku nyumba ya pili, akaenda kumwambia mwenyekiti wa mtaa, si mmbeya. Ametimiza sheria.

Tatizo ni kwamba hata milango ikiwa wazi, wanaoingia ni wachache. Utafiti wa kitaifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto uliofanyika 2009 ulionesha kuwa karibu wasichana watatu kati ya kumi walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18, na kwa wavulana ni takriban mmoja kati ya saba. Katika wasichana hao, kama nusu tu ndio waliomwambia mtu yeyote, na kama mmoja kati ya watano ndiye aliyetafuta huduma. Ukishajua hivyo, unaelewa kwa nini huyu mmoja aliyejikaza akafika hatakiwi kuambiwa "nenda polisi kachukue PF3, ile fomu ya matibabu, kisha nenda hospitali, kisha rudi hapa Jumatatu." Mtoto wa miaka kumi na mama asiye na nauli hawarudi Jumatatu.

Ndiyo maana vikaanzishwa vituo vya mkono kwa mkono, ambako daktari, polisi na afisa ustawi wanamhudumia mtoto mahali pamoja na halazimiki kusimulia yaliyompata mara nne kwa watu wanne. Lakini vituo hivyo haviko kila wilaya, na pasipokuwa na kituo, bado mkono kwa mkono unawezekana. Afisa ampigie simu wa Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, amtajie kwa jina atakayempokea mtoto, kisha jioni apige tena kuuliza kama alifika. Kazi hiyo inahitaji vocha tu.

Waingereza walilijua hili kwa gharama kubwa. Victoria Climbié, msichana aliyezaliwa Côte d'Ivoire na kupelekwa Ulaya na shangazi wa baba yake, alifariki London Februari 2000 akiwa na miaka minane, baada ya miezi ya mateso nyumbani. Hakuwa amefichwa. Idara za ustawi za halmashauri kadhaa zilimjua, polisi walimjua, alilazwa hospitali mbili. Kila ofisi ilikuwa na kipande cha habari zake, na kila ofisi iliamini nyingine inalishughulikia. Uchunguzi ulioongozwa na Lord Laming ulitoa mapendekezo 108 mwaka 2003, na sheria ya mwaka uliofuata ikailazimisha kila halmashauri yenye dhamana ya huduma za watoto nchini England kuteua mkurugenzi mmoja wa huduma hizo. Sisemi tuige vyeo vyao. Ninachotaka kichukuliwe ni lile wazo kwamba lazima awepo mtu mmoja wa kuulizwa.

Kwetu mtu huyo ni msimamizi wa shauri. Jina lake liandikwe kwenye jalada la mtoto tangu siku ya kwanza, na akihamishwa (nao wanahamishwa sana) pawe na makabidhiano ya maandishi, jalada kwa jalada. Safu ya "hatua iliyochukuliwa" iongezewe mbili: tarehe ya kufuatilia, na kilichokutwa. Kamati za ulinzi wa wanawake na watoto, zilizoundwa chini ya MTAKUWWA (mpango wa taifa wa kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto) kuanzia taifa hadi kijiji na mtaa, zinapokutana zisisomewe idadi tu. Zisomewe mashauri ambayo tarehe yake ya kufuatilia imepita, na aliyechelewa aeleze amekwamia wapi.

Hapo atajitetea, na mara nyingi ana haki. Pita asubuhi kwenye ofisi ya ustawi uone benchi: kina mama wenye watoto mgongoni, mashauri ya matunzo, baba ameitwa kwa barua ya tatu hajatokea. Benchi hilo linakula siku nzima. Yule mtoto wa kijiji cha mbali, ambaye hana wa kumleta, anasubiri pikipiki, na pikipiki inasubiri mafuta. Katika halmashauri ustawi wa jamii umo ndani ya idara moja na afya. Bajeti ikibanwa, dawa na zahanati zinasikika zaidi, kwa sababu zahanati isiyo na dawa diwani ataulizwa mkutanoni. Mtoto asiyetembelewa hana wa kumuulizia. Waheshimiwa madiwani wanaweza kubadilisha hilo kwa swali moja kwenye kikao cha bajeti: mafuta ya ufuatiliaji yamo kwenye kasma ipi, na robo iliyopita yalitoka?

Kuhusu makao ya watoto, neno fupi. Yanahitajika, lakini yawe hatua ya mwisho na yenye leseni. Kabla yake kuna bibi, kuna mjomba, kuna familia za kuaminika zilizopewa mafunzo kumhifadhi mtoto kwa muda. Familia hizo nazo zitembelewe. Mtoto akishapata kitanda jalada lisifungwe.

Na wewe unayetoa taarifa, kwa mtendaji, kwa afisa ustawi au kwa kupiga 116, namba isiyo na malipo inayopokelewa saa 24, usiondoke wala kukata simu kabla ya kuuliza mambo mawili: nani atalishughulikia, na nikuulizie lini? Yaandike, hata nyuma ya risiti. Siku hiyo ikifika, uliza.