Kondoo mgonjwa, sindano na maji: tunapokosea

"Amezidiwa? Mrudie sindano jioni." Huku kwetu Kisesa kauli hii utaisikia kila zizi, na mimi nimewahi kuitii. Kondoo jike wangu aliharisha siku tatu. Nilipomvuta ngozi ya shingo ilibaki imesimama, macho yamezama: dalili za kuishiwa maji. Nikamchoma OTC (antibiotiki iitwayo oksitetrasaiklini) ya asilimia 20, ile ambayo mchomo mmoja hukaa mwilini siku kama tatu, na jioni nikamchoma tena.

Kumbe mwili uliokaukiwa maji huulinda kwanza moyo na ubongo. Msuli na figo hupunjwa damu. Dawa ya msulini hunyonywa polepole, nawe unadhani imegoma. Ile iliyokwisha kuingia kwenye damu nayo haitoki upesi, maana OTC kwa sehemu kubwa hutolewa na figo, na gentamisini, antibiotiki nyingine ya sindano, karibu yote. Dozi ya pili inaikuta ya kwanza bado ipo. Gentamisini ikirundikana hivyo huharibu figo zenyewe, na ukiongeza dawa ya maumivu juu yake, hatari inazidi.

Wengine huogopa dripu eti "inaosha dawa". Si uongo mtupu: maji yakiingia, dawa husambaa zaidi na figo zikiamka huitoa haraka. Lakini dozi ya kwenye lebo ilipimwa kwa mnyama mwenye maji yake mwilini, kwa hiyo unamrudisha tu pale ilipokusudiwa. Kondoo wa kilo 30 aliyepoteza asilimia 5 ya uzito kwa kuharisha anadai lita 1.5, bado hujahesabu anayoendelea kumwaga. Kama dripu hakuna, mnyweshe kidogokidogo bila kumwinua kichwa sana, yasije yakaingia mapafuni. Lini sindano irudiwe, aseme daktari wa mifugo, si muuza duka.

Na vidonge? Kondoo mkubwa ukimpa antibiotiki kwa mdomo unaua vijidudu vya tumboni vinavyomchachulia majani. Mwanakondoo ukimchanganyia tetrasaiklini (jamii ya OTC) kwenye maziwa, kalsiamu ya maziwa inaishika, nyingine inaishia kwenye kinyesi.

Jike wangu alinusurika. Siku ya sita akaja mchinjaji kutoka Igoma, mkononi ana hela taslimu. Siku za kusubiri kabla ya kula nyama, ili dawa iishe mwilini, zilizoandikwa kwenye chupa ni za mnyama mwenye afya aliyepewa dozi moja. Wangu alikuwa na mbili, na figo zilizochoka. Nikamwambia arudi baada ya miezi miwili. Aliondoka akinung'unika.