Kompyuta ya gemu ikae wapi nyumbani

Februari ya mwaka jana mama mmoja wa Mbezi aliniletea kompyuta ya mwanawe mara tatu ndani ya wiki mbili. Tatizo lilikuwa lile lile: kijana akicheza nusu saa, mashine inajizima. Dukani kwangu niliiwasha tangu asubuhi hadi jioni, nikaiwekea programu ya kuikamua nguvu zote, haikuzima hata mara moja. Mara ya tatu nikamwambia, "Mama, ikijizima tena usihangaike kuibeba. Nipigie, nitakuja mwenyewe."

Nilipofika niliikuta ndani ya kabati la televisheni. Kasha limesukumwa hadi nyuma kabisa, mlango wa kioo umefungwa ili wageni wasione nyaya. Nilifungua mlango ule kijana akiwa katikati ya mechi, na joto likanipiga usoni kama mtu anayefunua sufuria ya wali. Mashine ilikuwa nzima. Ilichokosa ni pa kupumulia.

Tangu hapo mtu akitaka nimuundie kompyuta ya gemu, kabla hatujazungumzia kadi ya grafiki namuuliza itakaa wapi. Wengi hawajafikiria. Wanasema "tutaona huko huko," halafu mashine ya mamilioni inaishia popote palipobaki nafasi.

Umeme wote unaoingia kwenye kompyuta hugeuka kuwa joto. Mashine inayokula wati 500 wakati wa gemu inapasha chumba sawasawa na hita ya wati 500, na kila saa 2 inamaliza uniti 1 ya LUKU. Feni zilizomo haziwezi kuifanya hewa iwe baridi kuliko ilivyo chumbani. Kazi yake ni kutoa ya moto na kuingiza nyingine. Hewa ikikosa pa kutokea, feni zinazungusha moto ule ule. Prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, nazo zina kikomo: nyingi za Intel za mezani zikikaribia nyuzi 100 hujipunguzia kasi ili zisiungue, na kwa nyingi za Ryzen 7000 kikomo ni 95. Ndiyo maana kabla ya kujizima, gemu huanza kukwamakwama, na watu wanalaumu intaneti. Kumbuka pia kwamba video nyingi za ushauri zinarekodiwa Ulaya na Marekani, kwenye vyumba vya nyuzi 20 au 22. Sebule ya Dar es Salaam isiyo na kiyoyozi mwezi wa pili mchana iko kwenye 31 au 32. Umeanza safari ukiwa nyuzi 10 juu ya mwenzako.

Kwa hiyo nyuma ya kasha acha shubiri nzima hadi ukutani, na upande unaoingiza hewa vivyo hivyo. Kabati la kufungwa, hapana. Uvungu wa meza wenye mbao pande zote, hapana.

Sakafuni napo sipapendi. Nyumba zetu zinapigwa deki karibu kila siku, na tambara likipita maji hurukia kila kitu kilicho chini. Penye zulia ni pabaya zaidi, kwa sababu kwenye makasha mengi ya sasa pawa saplai, kile kiboksi kinachogawa umeme ndani ya mashine, iko chini na inavuta hewa kupitia matundu ya tumboni. Ukiilaza kwenye manyoya ya zulia umeiziba pua. Stuli fupi na imara inatosha. Hata matofali mawili na ubao juu yake yanafanya kazi, mradi kasha lisiyumbe.

Dirisha nalo ni la kuliogopa, hasa kwa sisi tulio karibu na bahari. Kaskazi ikivuma au kusi ikivuma, dirisha linalotazama mashariki hapa Dar linaingiza hewa ya baharini mwaka mzima. Nimefungua mashine za watu wanaokaa ufukweni nikakuta skrubu zimeota kutu, na miguu ya kadi ya grafiki, ile inayochomekwa kwenye ubao mama, imepoteza mng'ao. Chumvi hiyo inatua polepole pamoja na vumbi, na vumbi likishika unyevu linakuwa tope jembamba linalopitisha umeme. Ukuta wa ndani, mbali na nyavu za dirisha, ni bora zaidi. Na monita ukiiweka ubavu kwa dirisha, jua halikupigi machoni wala haling'ai kwenye kioo.

Wenye viyoyozi wana tahadhari yao. Kwanza usiiweke chini yake, maana siku bomba la maji likiziba yatadondokea humo. Pili, umewahi kuona chupa ya soda inavyotoka jasho ukiitoa kwenye friji? Chumba kikilala kwenye nyuzi 18, vyuma vyote vya kompyuta iliyozimwa vinafika huko. Asubuhi ya Machi ukifungua madirisha yote kwa mpigo, hewa nzito ya nje inaacha maji juu yake, na wewe unabonyeza kitufe cha kuwasha. Zima kiyoyozi, acha chumba kipate joto taratibu, kisha fungua.

Jambo lingine huwezi kulisikia kwenye video hizo: mijusi. Wanapenda joto, na usiku kasha ndilo lenye joto. Nimeshatoa mjusi aliyekauka ndani ya pawa saplai, mkia huku, kichwa kule, amegusisha sehemu mbili ambazo hazipaswi kukutana. Vile vibati vya nyuma vinavyong'olewa wakati wa kufunga kadi, virudishe. Tundu moja lililo wazi linamtosha.

Umeme nauangalia mwisho nikiwa ndani ya nyumba, lakini ndio unaoweza kuhamisha mpango wote. Soketi inayotumiwa na friji siitaki. Kompresa ikianza kuvuta, taa zinafifia na kompyuta inaweza kujiwasha upya. Halafu gusa bati la nyuma la kasha kwa mgongo wa kidole. Ukihisi kitu kinatekenya, mashine haina ethi, ule waya wa tatu unaopeleka umeme uliovuja ardhini. Mara nyingi ni zile zilizotoka nje na plagi ya Ulaya, zikachomekwa kwenye adapta isiyopeleka waya wa tatu. Badilisha waya, ni wa bei ndogo. Usiwaachie watoto mashine inayotekenya.

Kuhusu sebuleni au chumbani, nina msimamo. Kama mchezaji ni mtoto, iwe sebuleni, mahali mzazi anapopita akielekea jikoni. Si kwa kumpeleleza. Unasikia anaongea na nani, unaona saa ngapi amezima. Kero ya kelele inaisha kwa hedifoni. Mtu mzima na aweke chumbani akipenda, lakini akubali kulala kwenye joto alilolizalisha mwenyewe. Na kama rauta iko mbali, usihamishe kompyuta kuifuata. Vuta waya wa mtandao wa aina ya Cat 5e, unafika mita 100 bila shida, wakati Wi-Fi inahangaika na kuta za zege.

Kwa yule mama wa Mbezi tulichagua kona kati ya meza ya chakula na korido. Nyaya nilizifunga pamoja nyuma ya stuli, hazionekani ukiwa umekaa kwenye kochi, na hilo ndilo lililomfurahisha kuliko yote. Mwezi uliofuata nilipita kuangalia. Haikuwa imejizima tena, ila juu yake palikuwa pametandikwa kitambaa kizuri cha kufuma, cha mkono wake mwenyewe. Nilimshika mkono, nikauweka juu ya matundu ya kutolea hewa ili ahisi. Akacheka, akakikunja, akakihamishia juu ya spika.