Farasi wa mbali: dhana zinazowaponza wanunuzi

Farasi anayeuzwa mbali humfikia mnunuzi kwanza kama picha, halafu video, halafu maelezo ya simu. Vyote vitatu vimetoka kwa mtu anayetaka kuuza. Muuzaji anaweza kuwa mwaminifu kabisa, na wengi ni waaminifu, lakini ushahidi wa upande mmoja hautoshi kumaliza shauri. Karibu kila dhana potofu ninayoisikia kuhusu ununuzi huu inaanzia hapo.

Dhana: "Nimeona video, basi nimemwona farasi."

Umeona dakika ambazo mtu mwingine amekuchagulia. Farasi mwenye maumivu madogo ya viungo mara nyingi huwa mkakamavu anapotoka bandani, kisha hulegea misuli ikishapata joto kwa mazoezi. Kamera ikiwashwa baada ya hapo, huoni kitu. Anayechechemea akizungushwa kushoto anaweza kurekodiwa akizungushwa kulia tu.

Omba video ndefu isiyokatwa. Ianze farasi akiwa malishoni, aonekane akifuatwa na kukamatwa, akiinuliwa miguu yote minne mmoja mmoja, akitandikwa, mtu akipanda. Baada ya hapo aongozwe kwa kamba kwenye ardhi ngumu, atembee na kukimbia taratibu akienda mbali na kamera na kurudi, halafu azungushwe pande zote mbili. Tazama kichwa: mguu wa mbele ukiuma, farasi huinua kichwa unapokanyaga mguu huo na kukishusha anapokanyaga ule mzima. Sikiliza pia. Katika mbio za taratibu kwato hupiga mapigo mawili mawili yaliyo sawa, na pigo moja likiwa jepesi kuliko mwenzake, kuna mguu unaohurumiwa.

Simu ya video ya moja kwa moja ni bora zaidi, kwa sababu unaweza kuomba jambo ambalo halikuandaliwa. Kama farasi ana chipu ya utambulisho chini ya ngozi, muuzaji aisome mbele yako. Kwa kawaida huwekwa shingoni na huwa na tarakimu 15. Namba hiyo ilingane na ile iliyo kwenye hati zake.

Dhana: "Daktari wa muuzaji anamjua zaidi, atumike huyo."

Anamjua, na ndiyo maana kumbukumbu zake za matibabu ni za thamani. Mwombe muuzaji kwa maandishi aruhusu uzisome. Lakini anayempima kwa ajili yako awe daktari uliyemtafuta wewe, unayemlipa wewe, na ripoti ije kwako. Daktari ambaye muuzaji ni mteja wake wa kila siku anawekwa mahali pagumu, hata akiwa mtu wa haki.

Hapa usibane matumizi. Uchunguzi kamili huanza farasi akiwa ametulia: moyo, mapafu, meno, ngozi, miguu, na macho yakitazamwa gizani. Halafu anatembezwa na kukimbizwa, anafanyishwa kazi, anapumzishwa, kisha anakimbizwa tena kuona kama kuna kilichojitokeza baada ya uchovu. Moyo wa farasi mzima aliyepumzika hupiga takriban mara 28 hadi 44 kwa dakika, na daktari husikiliza unavyorudi huko baada ya kazi. Eksirei za kwato na viungo huongezwa kulingana na kazi unayomtakia na bei anayouzwa.

Kitu ambacho wanunuzi hukiruka ni kipimo cha damu cha kutafuta dawa. Dawa ya fenilbutazoni hupunguza maumivu, na mguu mbovu ukaonekana mzima siku ya uchunguzi. Asepromazini, dawa ya kutuliza, humpoza farasi mkorofi. Damu inayochukuliwa siku hiyohiyo inaweza kuhifadhiwa maabara kwa miezi kadhaa, ikapimwa iwapo farasi atabadilika baada ya kufika kwako. Muuzaji akikataa damu kuchukuliwa, mimi ningeishia hapo.

Tena, usitegemee daktari akwambie farasi "amefaulu" au "amefeli". Atakwambia alichokiona siku ile na kama kinaendana na kazi uliyoitaja. Mwenye umri wa miaka 15 na ugumu kidogo wa kiungo cha nyuma anaweza kumfaa sana mtu wa matembezi ya polepole, na asimfae kabisa anayetaka kuruka vizuizi. Kwa hiyo mweleze daktari kazi hiyo mapema.

Dhana: "Meno hayadanganyi umri."

Hadi miaka 5 hukaribia sana ukweli, kwa kuwa meno ya mbele ya ukubwani huota kwa jozi, takriban miaka miwili na nusu, mitatu na nusu na minne na nusu. Baada ya miaka 10 makadirio hupanuka. Hati zenye tarehe ya kuzaliwa ni bora kuliko mdomo uliofunguliwa mbele ya kamera.

Na wanaodhani kwato nyeupe ni dhaifu kuliko nyeusi wanakosea. Rangi haipimi ugumu wake.

Dhana: "Mpandaji mgeni na farasi mchanga watajifunza pamoja."

Hii inaumiza watu, na farasi pia. Farasi wa miaka 3 bado mifupa yake inakomaa, hasa ya uti wa mgongo, na anahitaji mtu ambaye hatatetemeka akishtuka. Ukinunua kwa mbali huna hata nafasi ya kuhisi anavyojibu hatamu. Kama huwezi kusafiri, mlipe mkufunzi asiyemjua muuzaji aende ampande, na mpandaji wa muuzaji atangulie kupanda.

Dhana: "Nisipotuma arubuni leo, atachukuliwa."

Wahenga walisema kizuri chajiuza, na walaghai wanajua kuutumia msemo huo. Bei ya chini mno, picha zilizoibwa kwenye tangazo la mtu mwingine, msafirishaji "wa muuzaji" anayedai ada ya bima kila baada ya siku mbili: hizo ni dalili za farasi asiyekuwepo. Zitafute picha hizo mtandaoni. Arubuni itolewe kwa mkataba unaosema itarudishwa ikiwa uchunguzi utaonyesha tatizo, na msafirishaji mchague mwenyewe.

Dhana: "Akishushwa salama, kazi imekwisha."

Farasi aliyefungwa kichwa juu kwa saa nyingi hawezi kukishusha ili asafishe njia ya hewa, na vumbi na vijidudu hushuka mapafuni. Homa inaweza kuja siku kadhaa baada ya safari. Kabla hujalipa, ulizia vituo vya kupumzika, kunywa maji na kushusha kichwa. Kabla hajapakiwa, awe amepimwa upungufu wa damu wa kuambukiza kwa kipimo cha Coggins, maana ugonjwa huo hauna tiba na aliyeambukizwa hubaki nao maisha yake yote.

Akifika, mtenge na wenzake kwa wiki tatu, awe na ndoo na vifaa vyake. Ugonjwa wa tezi za koo unaosababishwa na bakteria Streptococcus equi huchukua kama siku 3 hadi 14 kujitokeza, na huenezwa hata na ndoo ya maji. Mpime joto asubuhi na jioni na uliandike. La kawaida ni nyuzi 37.5 hadi 38.5, likizidi hapo, mpigie daktari siku hiyohiyo.