Mfumo Unasema Ni Wewe

Kazi yangu ni kukagua mifumo ya kompyuta maofisini. Watu hudhani nashinda nikitazama namba, kumbe muda mwingi niko na rejesta ya mahudhurio na kikombe cha chai, nauliza nani alikaa kiti kipi.

Miaka kadhaa iliyopita nilipelekwa hospitali moja ya wilaya ambako makusanyo ya dirisha la malipo yalikuwa hayatimii. Mfumo ulikuwa na jibu tayari: risiti zilifutwa baada ya mgonjwa kulipa na kuondoka, na kila iliyofutwa ilibeba jina la karani mmoja, nitamwita Dada Z. Alikuwa ameshapewa barua ya kujieleza. Nilipofungua rejesta ya likizo nikakuta risiti tisa kati ya hizo zilifutwa ndani ya siku zake 84 za uzazi.

"Kaka, nilikuwa kwetu na mtoto wa wiki tatu," aliniambia. "Nimewaeleza. Wananijibu, mfumo unasema ni wewe."

Chini ya kibodi pale dirishani palikuwa na kipande cha plasta, ile ile ya vidonda, imeandikwa paswedi yake kwa kalamu ya wino. Aliibandika mwenyewe kabla hajaenda likizo, na hakuna aliyeona ajabu. Karani mpya akitaka akaunti yake huandika barua kwa mkuu wa kitengo, ipande kwa mganga mfawidhi, ishuke kwa afisa TEHAMA, mwezi umekatika. Foleni ya wagonjwa haingoji mwezi. Ukikataa kutoa paswedi yako pale unaitwa mchoyo, tena wa roho mbaya.

Ndiyo maana sina imani na semina za "usimpe mtu nywila yako". Waliojenga mfumo walidhani kila kazi ina mtu wake mmoja. Dirisha lile lilikuwa la watu wanne wanaopokezana: huyu kaenda kuswali, yule ananyonyesha, wa tatu kaitwa maabara. Mazoea ya kazi hayakuguswa, ila lawama ndiyo iliyopewa jina la mtu mmoja.

Kisa kikubwa kabisa cha aina hii ninachokijua ni cha Posta ya Uingereza. Kuanzia 1999 ilifunga kwenye matawi yake mfumo wa Horizon, uliotoka kampuni ya ICL, baadaye Fujitsu. Matawi mengi yaliendeshwa na watu binafsi kwa mkataba: duka la kawaida, kaunta ya posta pembeni. Hesabu ikipungua, Posta ilimdai mwenye duka. Mfumo ukaanza kuonyesha mapengo ya maelfu ya pauni ambayo hayakuwapo. Watu wakamaliza akiba, wakaweka nyumba rehani, wengine wakaenda jela. Seema Misra alifungwa 2010 akiwa mjamzito. Kati ya 1999 na 2015 zaidi ya watu 900 walitiwa hatiani, wengi wao wakishtakiwa na Posta yenyewe, yaani mdai huyo huyo ndiye mpelelezi na ndiye mwendesha mashtaka.

Ilichukuaje miaka yote hiyo? Wengi walipopiga simu kuomba msaada waliambiwa ni wao tu wenye tatizo hilo. Aibu ikawafunga midomo. Jirani naye alikuwa analipa kimyakimya. Halafu kulikuwa na sheria. Sharti la 1984 la kuthibitisha kwanza kwamba kompyuta ilifanya kazi sawasawa liliondolewa, na kuanzia 2000 mahakama zikachukulia kwamba iko sawa hadi mtu aonyeshe vinginevyo. Muuza stempu angeonyesha nini, na kumbukumbu zote ziko kwa kampuni?

Watu 555 wakiongozwa na Alan Bates, aliyewahi kuendesha tawi kama hayo, ndio walioishtaki Posta mahakamani kwa pamoja. Desemba 2019 jaji aliamua kwamba Horizon ilikuwa na kasoro zinazoweza kuzaa mapengo kama yale, na kwamba wafanyakazi wa Fujitsu waliweza kubadili hesabu za tawi kutoka mbali bila mwenye tawi kujua. Mwaka 2024 Bunge lilitunga sheria ya kufuta hukumu hizo kwa mkupuo.

Hospitali yetu haikuwa Horizon. Mfumo wetu ulihesabu vizuri na mwizi alikuwapo kweli. Ila Dada Z naye hakuwa na njia ya kudai kumbukumbu zinazomshtaki. Nami nilipozichimba nikakuta kwamba hata akaunti ya msimamizi mkuu, inayoweza kufanya lolote kwa jina la yeyote, ilikuwa na watumiaji watatu, ukiacha fundi wa kampuni iliyouza programu. Nikaandika kwenye ripoti kwamba mhusika hawezi kutambuliwa.

Mganga mfawidhi aliisoma mara mbili. "Sasa mkaguzi, barua nimwandikie nani?"

Ya Dada Z iliondolewa faili kimyakimya, bila hata neno la pole. Zikanunuliwa mashine za alama za vidole. Nilipopita tena baada ya miezi sita, nimesimama kwenye foleni kama mgonjwa yeyote, nikamsikia karani akiita kuelekea chumba cha nyuma: "Shoga, njoo uniwekee kidole mara moja."