Kukamua maziwa ya mama: maana yake, na lini uanze

Mdogo wangu alijifungua hapa Goma, mashariki mwa Kongo, na wiki ya pili wifi yake akamletea zawadi kutoka Kigali: pampu ya kukamulia maziwa, nyeupe, ndani ya boksi lenye picha ya mama anayecheka. Kuanzia siku hiyo, kila mtoto alipolala yeye alikaa ukingoni mwa kitanda na kile chombo kifuani. Alitaka kuweka akiba. Siku ya nne matiti yalikuwa magumu kama jiwe jeusi la volkano tunalojengea kuta za mji huu, na usiku homa ikampanda. Mama mkubwa, ambaye alikulia Masisi kati ya ng'ombe, alisimama mlangoni akamtazama, kisha akauliza: “We mwana, unakamua namna gani na ndama iko humu nyumbani?”

Nimetafuta maelezo bora kuliko hayo na sijayapata, kwa hiyo nitaanzia hapohapo zizini.

Kukamua ni kuyatoa maziwa kwenye titi bila mdomo wa mtoto, kwa mkono au kwa pampu. Neno ni lilelile la ng'ombe, la ndimu na la jipu, na ninawajua akina mama wasiolipenda kwa sababu hiyo. Lakini kazi yake kwa binadamu ina makusudi matatu yaliyo tofauti kabisa, na kosa la mdogo wangu lilikuwa kutojua yeye yuko kwenye lipi. La kwanza ni kumlisha mtoto asiyeweza kunyonya au asiye karibu. La pili ni kupunguza titi lililojaa mno. La tatu ni kulizuia titi lisikauke wakati mama na mtoto wametengana. Mtoto mzima, anayenyonya vizuri, aliye kwenye mkeka pembeni yako, hayumo katika hata moja.

Mfugaji hakai chini ya ng'ombe akaanza kuvuta tu. Anamwachilia ndama kwanza, anyonye kidogo, apige kiwele kwa kichwa. Ndipo maziwa yanashuka, na ndipo yeye anakamua, huku akimwachia ndama sehemu yake. Kwa mama ni hivyohivyo. Mtoto akinyonya, hata akilia tu chumba cha pili, ubongo wa mama unatoa homoni iitwayo oksitosini, nayo inavibana vifuko vya maziwa vilivyo ndani ya titi mpaka maziwa yanashuka kuelekea kwenye chuchu. Wengi wanalisikia jambo hilo kama mwasho, au kama joto linalopita ghafla. Hofu, maumivu na aibu huizuia oksitosini. Ndiyo maana mama anayekamua huku ameharakishwa hupata matone, na dada yake aliyetulia, picha ya mtoto mkononi, akajaza kikombe.

Homoni ya pili ni prolaktini, na hii ndiyo inayotengeneza maziwa. Hupanda kila titi linaponyonywa, na usiku hupanda zaidi. Tena titi lenyewe lina hesabu yake: likikaa limejaa hupunguza kazi, likimwagwa mara kwa mara huongeza. Siku mbili tatu za kwanza hesabu hiyo bado haijaanza. Baada ya kondo la nyuma kutoka, projesteroni hushuka, na kati ya siku ya 2 na ya 5 maziwa mengi huja yenyewe, upende usipende. Kabla ya hapo kuna dang'a, yale maziwa mazito ya njano ambayo bado kuna bibi wanaoyamwaga wakidhani ni machafu. Yasimwagwe. Ni machache kwa sababu tumbo la mtoto wa siku moja ni dogo. Kijiko cha chai kwa mlo mmoja si upungufu.

Baada ya siku hizo titi linaanza kujifunza: mtoto huyu anataka kiasi gani, saa ngapi, usiku mara ngapi. Masomo hayo huchukua wiki 4 hadi 6. Mtoto ndiye mwalimu. Ukileta pampu katikati ya masomo bila sababu, titi linahesabu watoto wawili, linatengeneza kwa ajili ya wawili, halafu mmoja hayupo wa kuyanywa. Yanabaki, yanabana, njia zinavimba, homa inakuja. Kwa hiyo jibu la kawaida, kwa mama ambaye mtoto wake anakojoa vizuri, anaongezeka uzito na ananyonya mara 8 au zaidi kwa siku, ni kusubiri wiki 4 hadi 6 kabla ya kukamua kwa ratiba. Shirika la Afya Duniani linataka mtoto awekwe kifuani ndani ya saa moja ya kwanza, anyonye maziwa ya mama peke yake miezi 6, na aendelee kunyonya pamoja na vyakula vingine hadi miaka 2 au zaidi. Hakuna mahali ambapo pampu imetajwa kama sharti la safari hiyo.

Sasa, ndama akiwa hayupo nyumbani, maneno yote hayo yanageuka.

Mtoto aliyezaliwa kabla ya siku zake, aliyelazwa chumba cha joto, au aliye dhaifu asiyeshika chuchu: mama wa mtoto huyo asisubiri wiki wala siku. Aanze ndani ya saa za kwanza, zisipite 6, na akamue mara 8 au zaidi katika saa 24, na mara moja angalau iwe usiku. Hapa ndipo ninapopatwa na uchungu, kwa sababu mara nyingi mama huyu anaambiwa apumzike kwanza, maziwa yatakuja. Yanakuja, ndiyo, siku ya tatu, yakakuta hakuna anayeyaita, yakaondoka. Siku ya kumi mtoto amepata nguvu ya kunyonya na titi limeshafunga duka. Nimewahi kumwona mama kwenye wodi ya watoto njiti akikamua kwenye kijiko cha chuma, matone manane labda, na uso wake umejaa aibu kana kwamba ameshindwa. Muuguzi akakipokea kijiko kama mtu anayepokea dawa ya bei ghali, akamtia mtoto mdomoni polepole, tone moja moja. Kwa siku hizo za dang'a mkono unashinda pampu, kwani maziwa yale ni mazito na machache, yanaishia kwenye kuta za chombo.

Kuna na wale walio katikati. Siku ya tatu au ya nne matiti yanajaa hadi eneo jeusi la chuchu linanyooka kama ngozi ya ngoma, mtoto anateleza, anakasirika, mama analia. Huyu akamue kidogo, dakika moja au mbili, titi lilainike tu, kisha amweke mtoto. Asimalize yote. Kitambaa cha baridi baada ya kunyonyesha kinasaidia. Pakitokea sehemu nyekundu inayouma, na homa isiyotulia siku nzima, aende kituo cha afya, na wakati huo asiache kunyonyesha.

Tuje kwa anayerudi kazini. Sheria ya kazi ya Kongo, ile ya mwaka 2002, inampa mwanamke aliyeajiriwa wiki 14 za likizo ya uzazi, na kati ya hizo zisizozidi 8 ni za baada ya kujifungua, na akirudi ana haki ya mapumziko mawili ya nusu saa kila siku kwa ajili ya kunyonyesha, yanayohesabiwa kama saa za kazi na kulipwa. Waalimu na wafanyakazi wa ofisi wengi ninaowajua hawajawahi kuyadai. Nusu saa mbili zinatosha kukamua, hata kama nyumba iko mbali.

Lakini mji huu hauendeshwi na watu wenye barua za likizo. Unaendeshwa na mama anayevuka Petite Barrière, mpaka wetu na Rwanda, alfajiri na beseni kichwani, na yule wa soko la Virunga ambaye meza yake ikikaa tupu wiki tatu inachukuliwa. Wiki 6 za kusubiri kwake ni hadithi ya watu wengine. Ninachomwambia ni hiki: hesabu kinyumenyume. Chukua siku utakayoanza kutoka, rudi nyuma wiki 2, hapo ndipo pa kuanza kukamua. Ukitoka mtoto akiwa na wiki 10, anza ya 8. Ukilazimika kutoka akiwa na wiki 4, anza ya pili, mara moja kwa siku, na usiku mnyonyeshe kadiri anavyotaka, maana usiku ndiko titi linakofidia mchana.

Mara moja kwa siku inatosha mwanzoni. Wakati mzuri ni asubuhi, kama saa moja baada ya mtoto kunyonya. Mara za kwanza utapata vijiko viwili, na utadhani huna maziwa. Unayo, titi lenye mtoto wa kulinyonya halina sababu ya kuwa na ziada, na pampu si kipimo chake. Kwa hesabu ya jumla mtoto wa mwezi 1 hadi 6 hunywa mililita 30 hadi 45 kwa kila saa unayokuwa mbali, kwa hiyo mama anayetoka kwa muda wa saa 6 aache kati ya mililita 180 na 270. Si lazima ujaze friji. Na ukiwa huko sokoni, kamua kila baada ya saa 3 hivi, hata kama hayo hutayarudisha nyumbani, ili titi lijue kwamba mtoto bado yupo.

Mimi ni mtu wa mkono. Pampu ina mipira, vikombe na vifuniko, na kila kimoja kinataka sabuni na maji yaliyochemka. Katika mji ambao maji ya bidoni yanatoka ziwani na kipindupindu hakijawahi kutuaga moja kwa moja, kila kipande kisichooshwa vizuri ni mlango. Mkono unaoshwa mara moja. Nawa kwa sabuni, chukua kikombe chenye mdomo mpana kilichosuuzwa kwa maji ya moto, kanda titi kidogo kwa kiganja. Weka kidole gumba juu na cha shahada chini, sentimita 2 au 3 nyuma ya chuchu. Sukuma kuelekea kifuani, kisha bana, kisha achia. Usivute chuchu, usitelezeshe vidole kwenye ngozi. Dakika ya kwanza hakuna kitu, usikate tamaa; ghafla yanatoka kwa mnyunyizo. Yakipungua zungusha vidole upande mwingine, kisha titi la pili. Ikiuma, kuna unachokosea. Mwenye pampu naye aangalie kikombe chake kisibane chuchu, na asiongeze nguvu akidhani ndiyo itakayoleta maziwa.

Kuyatunza ni swali la umeme. Kwenye chumba kisichozidi nyuzi 25, na Goma iko juu kiasi kwamba vyumba vingi havifiki huko, maziwa hukaa salama saa 4. Kwenye friji inayofanya kazi kweli, siku 4. Kwenye friji yetu ya umeme unaokuja na kwenda, mimi singeyahesabia siku hizo. Ningekamua ya kesho leo jioni na kumaliza. Boksi la baridi lenye barafu huyafikisha saa 24. Yakishayeyuka kutoka kwenye barafu hayagandishwi tena, na yaliyobaki baada ya mtoto kunywa yasivuke saa 2. Kuyapasha, weka kikombe ndani ya bakuli la maji ya moto. Jiko la makaa hapana.

Na mtoto anyweshwe kwa kikombe. Chupa ya chuchu ina pembe ambazo brashi haifiki, na mtoto wa wiki chache akizoea mtiririko wake anaweza kuligomea titi. Kikombe kidogo kinaguswa kwenye mdomo wa chini, mtoto amekaa wima, naye analamba mwenyewe kama paka. Usimmwagie.

Mdogo wangu alipona baada ya siku chache, pampu ikarudi kwenye boksi. Aliitoa tena mtoto akiwa na wiki 9, na wiki ya 11 akarudi kazini, ameacha kikombe kimefunikwa. Saa nne asubuhi msichana anayemlea mtoto akapiga simu kwa hofu: maziwa yameharibika, yamegawanyika, juu mafuta ya njano, chini maji ya samawati, ayamwage? Mama mkubwa alikuwa hapo. Alimnyang'anya kikombe, akanusa, akakizungusha taratibu mpaka rangi zikarudi kuwa moja. “Hii ni siagi yake,” akasema, akamketisha mtoto mapajani.