Umoja, muungano, shirikisho, jumuiya: namna ya kufundisha umajumui wa Afrika

Masomo mengi ya umajumui wa Afrika, yaani wazo la kuwaunganisha Waafrika wote, huanza na picha ukutani: Nkrumah wa Ghana, Nyerere wa Tanganyika, Garvey wa Jamaika, Du Bois wa Marekani, Lumumba wa Kongo. Wanafunzi wanakariri majina na miaka, wanafaulu mtihani, na wiki mbili baadaye hawawezi kukueleza wazee hao walikuwa wanabishania nini. Na walibishana kwelikweli. Ushauri wangu kwa mwalimu ni aanzie kwenye ubishi, kisha arudi nyuma kutafuta chimbuko lake.

Kiswahili kinatupa mlango mzuri wa kuingilia. Andika ubaoni maneno manne: umoja, muungano, shirikisho, jumuiya. Wanafunzi wengi watasema ni yale yale. Sasa weka kila neno mahali pake: Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU) wa 1963, Muungano wa Tanganyika na Zanzibar wa 26 Aprili 1964, Shirikisho la Afrika Mashariki lililotangazwa 1963 lisizaliwe, na Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 1967. Waulize: katika kila moja, nani ana jeshi? Nani anatoza ushuru? Nani ana kiti Umoja wa Mataifa? Majibu yakitofautiana, wameshaona kwamba "tuungane" si jibu. Ni swali.

Baada ya hapo ingia kwenye hati. Ninayoipendekeza ni Mkataba wa OAU uliotiwa saini Addis Ababa tarehe 25 Mei 1963, na ndani yake kifungu cha tatu peke yake. Kina misingi saba: usawa wa nchi zote wanachama, kutoingilia mambo ya ndani ya nchi nyingine, kuheshimu mamlaka na mipaka ya kila nchi, kumaliza migogoro kwa amani, kulaani mauaji ya kisiasa na hujuma dhidi ya nchi nyingine, kujitoa kikamilifu kuzikomboa nchi ambazo bado zinatawaliwa, na kutofungamana na upande wowote kati ya kambi kubwa za dunia. Ichape, uikate vipande saba, na kila kundi la wanafunzi wanne au watano lipewe kipande kimoja pamoja na orodha ya matukio ya Afrika kuanzia 1960 hadi Mei 1963. Kazi yao ni kutafuta tukio lililowafanya viongozi waone haja ya kuandika maneno hayo. Dakika 40 zinatosha.

Kipande cha tano ndicho kinachoamsha darasa. Mkataba wa umoja unatajaje mauaji? Tarehe 13 Januari 1963 Rais Sylvanus Olympio wa Togo aliuawa kwa risasi mjini Lomé. Miezi minne baadaye viongozi wenzake wakakutana Addis Ababa, na Togo haikuwakilishwa. Ghana ilikuwa na mgogoro wa mpaka na Togo, na Accra, mji mkuu wa Ghana, ilikuwa kimbilio la wapinzani wa serikali kadhaa za jirani. Ukisoma kipande cha pili na cha tano kwa pamoja ukiwa na hayo kichwani, unaona kwamba maneno yanayoonekana ya heshima na baridi yaliandikwa na watu wenye hofu, na baadhi yao walikuwa wakimtazama mtu aliyekaa nao ukumbi mmoja: Nkrumah.

Kipande cha tatu kinahitaji ramani. Morocco ilikuwa ikidai Mauritania ni yake. Somalia ilikuwa ikidai Ogaden ya Ethiopia na eneo la kaskazini mashariki mwa Kenya. Mwaka uliofuata, Cairo, Julai 1964, OAU ikapitisha azimio la kuheshimu mipaka iliyokuwepo siku ya kupata uhuru. Somalia na Morocco hazikulikubali. Hapa huwa kunazuka kosa la kuwahukumu viongozi upesi: ama walikuwa waoga walioilinda mipaka ya mkoloni, ama walikuwa na busara iliyoepusha vita. Mzuie mwanafunzi asichague upande kabla hajataja angalau mpaka mmoja na watu gani ungewagusa ukisogezwa.

Cha sita kina Kamati ya Ukombozi, chombo cha OAU cha kuvisaidia vyama vya ukombozi, iliyokuwa na makao yake Dar es Salaam, na cha saba kina Kongo na kuuawa kwa Lumumba tarehe 17 Januari 1961. Hivyo wanafunzi huvipata bila shida.

Kipindi cha pili ni cha mdahalo wenyewe: Nkrumah na Nyerere. Nkrumah alitaka serikali moja ya Afrika, na aliitaka upesi: sera moja ya nje, mpango mmoja wa uchumi, kamandi moja ya kijeshi. Hoja yake ilikuwa kwamba kila mwaka unaopita unaziimarisha serikali ndogo ndogo, na mwenye ikulu yake haachii kirahisi. Nyerere alitaka kwenda hatua kwa hatua, kanda kwanza. Usimruhusu mtu amwite vuguvugu. Mwaka 1960 alisema yuko tayari kuuchelewesha uhuru wa Tanganyika ili Kenya na Uganda zipate wakati mmoja na ziingie pamoja kwenye shirikisho. Tarehe 5 Juni 1963, siku 11 tu baada ya Addis Ababa, yeye, Kenyatta wa Kenya na Obote wa Uganda walitangaza Nairobi kwamba shirikisho litakuwepo kabla mwaka haujaisha. Nkrumah alilipinga, akiona miungano ya kanda itakuwa ukuta mpya mbele ya umoja wa bara zima. Ikaja Januari 1964: jeshi la Tanganyika likaasi na Waingereza wakaitwa kulizima. Nkrumah akaona hoja yake imethibitika, kwamba Afrika inahitaji jeshi lake la pamoja. Kule Cairo mwezi Julai aliishambulia pia kazi ya Kamati ya Ukombozi, na Nyerere akamjibu kwa ukali mbele ya wakuu wote.

Kanuni moja ya mdahalo isivunjwe: kila upande utumie yale tu yaliyojulikana hadi Julai 1964. Bila kanuni hii mdahalo unaharibika dakika ya tano, maana upande mmoja utataja Nkrumah kupinduliwa Februari 1966, na mwingine utataja Jumuiya kuvunjika 1977, na kila mmoja atadhani ameshinda. Kujua mwisho wa hadithi si hoja.

Kipindi cha tatu ndipo mnarudi nyuma. London, Julai 1900: mkutano ulioitishwa na Henry Sylvester Williams wa Trinidad. Manchester, Oktoba 1945: Du Bois bado yupo, lakini Nkrumah na Kenyatta nao wamo, na Amy Ashwood Garvey, mke wa kwanza wa Garvey, anaongoza kikao cha ufunguzi. Mwanza, Septemba 1958: vyama vya ukombozi vya Afrika Mashariki na ya Kati vinaunda PAFMECA, umoja wao wa kupigania uhuru wa kanda hiyo. Accra, Desemba 1958: mkutano wa watu wa Afrika yote, mwenyekiti wake Tom Mboya wa Kenya akiwa na miaka 28. Ukiipanga miji hiyo kwenye ramani, mwanafunzi anaona wazo lililolelewa ng'ambo na wajukuu wa watumwa likirudi nyumbani, na ataona mwenyewe kwa nini Mwanza haistahili kuachwa nje ya vitabu.

Jihadhari na Berlin, ule mkutano wa mataifa ya Ulaya kuhusu Afrika. Walimu wengi husema mipaka yetu ilichorwa pale, kati ya Novemba 1884 na Februari 1885. Mkutano ule ulikubaliana zaidi juu ya biashara ya Kongo na Niger na masharti ya kujitwalia pwani. Mipaka yenyewe ilikuja kwa mikataba ya nchi mbili mbili. Wa Kenya na Tanganyika, kwa mfano, ulitokana na makubaliano ya Uingereza na Ujerumani ya 1886 na 1890. Ukiyaeleza hivyo, mwanafunzi anajua hati gani ya kutafuta anapoulizia mpaka fulani.

Kwa mtihani, acha "Eleza mafanikio matano ya OAU". Mpe mwanafunzi kipande kimoja cha kifungu cha tatu na yale maneno manne ya ubaoni, kisha muulize: kwa kipande hiki, waliotia saini walikuwa wanajenga kipi kati ya hivi vinne, na walikuwa wanakikataa kipi?