Ethi ya Peke Yake Haiokoi PABX

Mvua za vuli zikianza Mwanza, kadi za PABX (mashine inayogawa laini za simu ofisini) zilizoungua huanza kuletwa, na mteja anakuja na utetezi uleule: "Lakini mashine yetu ina ethi yake, haijachanganywa na ya umeme." Jamani, hiyo ethi ya pekee, yaani fimbo ya kupeleka umeme ardhini, ndiyo iliyoiunguza.

Radi ikipiga karibu na jengo, sehemu ya mkondo wake hushuka ardhini kupitia ethi ya umeme. Tuseme ni ampea 5,000 tu, na ethi ina ukinzani wa omu 10, ambayo kwenye miamba ya Isamilo au Capri Point ni ethi ya kujivunia. Zidisha: volti 50,000. Fimbo ya PABX iliyochimbiwa upande wa pili wa jengo haikupanda volti pamoja nayo, kwa hiyo tofauti hiyo inatafuta pa kupita, na nyaya za fimbo hizo mbili zinakutana ndani ya mashine tu. Inaingilia pawa saplai, inatokea kwenye poti (tundu la laini ya simu). Poti hutengenezwa kuhimili kilovolti chache. Hizo nyingine utazilipia wewe.

Basi ziunganishwe. Vuta waya wa shaba wa milimita za mraba 16 kutoka fimbo ya PABX hadi baa kuu ya ethi ya jengo, kisha arresta za laini (vifaa vya kukinga radi) na bodi ya mashine zote ziishie kwenye baa hiyohiyo. Waya wa arresta usizidi nusu mita na usiviringishwe. Mkondo wa radi hupanda ghafla mno, na kila mita ya waya inaweza kuongeza kilovolti nzima, hata kama kwenye mita ya fundi inasoma sifuri.

Kukagua ni rahisi. Siku isiyo na mawingu, zima PABX, chomoa UPS, fungua waya wa fimbo kwenye mashine, halafu pima kati ya waya huo na baa ya ethi ya DB (boksi la kugawa umeme): volti kwanza, kisha omu. Chini ya omu 1, zimeunganishwa. Ukiona omu kadhaa au volti yoyote ya maana, zinakutana ardhini tu.

Fimbo ikigonga mwamba, usiikate ukaficha kipande kilichobaki chini ya zege. Chimba mtaro, laza shaba tupu ndani, fukia kwa bentonaiti (aina ya udongo wa mfinyanzi). Chumvi hupunguza omu kwa muda, kisha mvua inaiosha, na kabla haijaisha imeshaanza kula vibano.

Utetezi mwingine ninaousikia: "Tuna UPS na stabilaiza." Hizo zinalinda njia ya umeme. Waya wa simu unaotoka kwenye nguzo barabarani haupiti humo.

"Arresta imeharibu laini." Arresta ya gesi ikichoka, klipu yake huifunga laini kwenye ethi na simu inakufa. Hapo imefanya kazi yake. Fundi anaichomoa kwenye Krone (ubao wa kuunganishia laini), simu inarudi, watu wanashangilia, na kuanzia siku hiyo poti iko uchi. Weka mpya ya volti 230. Ya volti 90 haifai: laini ina volti 48 za DC, na kengele huongeza AC ya volti 75 hadi 90 juu yake, hivyo arresta itawaka simu ikilia tu. Volti hizohizo ndizo zinazomrusha anayemenya nyaya kwa meno huku akisema simu haina umeme.

"Ekstensheni ni ekstensheni." Poti nyingi za ndani zimekusudiwa waya usiotoka nje ya jengo. Ukiupeleka kwenye kibanda cha mlinzi au ghala la samaki ng'ambo ya uwanja, weka arresta pande zote mbili, au tumia faiba isiyo na waya wa chuma ndani. Simu za IP hazijasalimika: kebo ya mtandao iliyotandazwa nje nayo ni shaba.

"Ina idhini ya TCRA, ni salama." Idhini hiyo ya mamlaka ya mawasiliano inahusu aina ya kifaa jinsi kilivyopimwa. Haijui kwamba mmebadilisha adapta yake kwa ya bei poa, wala kwamba pini ya ethi ya plagi ilikatwa ili iingie kwenye ekstensheni ya umeme ya matundu mawili. Rudisheni pini hiyo kwanza kabla ya kuniuliza bei ya kadi.